Kipara cha Mama Kilivyofika Nyumbani Kabla Yangu

Kwanza kabisa, sijafa. Ninalisema hili mapema kwa sababu kuna watu kidato cha tatu, na majina yao ninayo, walioanza kugombania dawati langu la dirishani. Lirudisheni. Hata ile chingamu niliyobandika chini yake nataka niikute.

Pili, mmeniuliza sana. Mmeniuliza kwa simu, mmemtuma mtu na maparachichi, mmeniulizia hata kanisani katikati ya maombi: ilikuwaje soko zima la Navakholo likanililia mimi Nanjala nikiwa hai, nikiwa na njaa, tena nikiwa njiani kuja? Nimechoka kusimulia vipande vipande. Nimeandika safari yote, kituo kwa kituo. Mambo ya bima na barua za rufaa nimeyaruka, maana sijawahi kuona mtu akicheka kwa kugongewa mhuri.

Kwa wale ambao hulala hata habari ikiwa tamu: shingo yangu ilianza kuota uvimbe upande wa kushoto, mgumu kama kokwa la parachichi, usiouma. Nikawa natoka jasho usiku mpaka shuka linakamulika. Walikata kipande, wakakipima, wakasema ni limfoma, yaani saratani ya tezi, hizi tezi ambazo huvimba ukiwa na homa. Dawa yake ni kemo, na nilikuwa nimeshapata dripu kadhaa Eldoret. Safari hii ilikuwa na jambo moja tu kubwa: nilikuwa naenda kupigwa picha ya skani, tujue kama dawa inafanya kazi au inanikondesha bure. Kama inafanya kazi, naendelea nayo mpaka imalizike. Kama haifanyi, nabadilishiwa nyingine kali zaidi. Hayo maneno "kali zaidi", daktari aliyatamka akiangalia viatu vyake.

Haya, twendeni.

Nyumbani hadi Butali

Siku ya kuondoka kichwa changu kilifanana na shamba la mahindi lililoingiliwa na ng'ombe. Nywele zilikuwa zinatoka kwa mafungu, zinabaki kwenye mto, kwenye kitana, kwenye uji. Nikasema ninyolewe zote, yaishe. Kukhu, mama yake Baba, ndiye mwenye boma, maana Baba ni mlinzi Mombasa na tunamwona Krismasi. Kukhu akasimama mlangoni.

"Hapa kwangu hakuna mtu atashika wembe," alisema. "Nywele zinanyolewanga watu wakitoka kaburini. Unataka majirani waniulize nimemzika nani?"

Na ni kweli. Kwetu mtu akishazikwa, siku chache baadaye wenye msiba hukaa uani wakanyolewa. Kichwa kikishang'aa, watu hawakuulizi hujambo, wanakuuliza nani.

"Lakini Kukhu, mimi natoa nywele kwa sababu ya dawa."

"Basi ziache zitoke zenyewe. Zikichoka zitakwisha."

Kwa hiyo nilisafiri na mashamba yangu mawili ya nywele chini ya kofia ya sufu. Tulikuwa mimi na Mama, na dereva wetu alikuwa Khotsa Wanyama, ndugu yake Mama, ambaye huendesha lori. Anapakia sukari kiwandani Butali, anaishusha Eldoret, halafu anarudi na viazi. Tulikaa naye mbele kama wakubwa. Sababu yenyewe si ukubwa. Kemo huwapunguza wale askari weupe wa damu wanaopigana na magonjwa, na nilikuwa nimekatazwa kubanana na watu wanaokohoa. Khotsa hakohoi. Khotsa anaimba, na hiyo hawakuikataza.

Butali tulingoja lori lipakiwe. Sasa, mnajua harufu ya molasi, ile mimi na nyinyi tumekua nayo, tukiivuta kama marashi. Siku hiyo iliniingia puani na tumbo langu likakumbuka dripu. Hata sikuwa nimepewa dawa bado! Tumbo lilikumbuka tu, lenyewe, kama mbwa anayekumbuka aliyempiga mawe. Nikashuka mbio nikatapika kando ya kibanda cha chai.

Mama wa kibanda aliniangalia juu mpaka chini. Akaliona sweta langu la shule. Akaweka sufuria chini.

"Uko form ngapi?"

"Tatu."

"Na mwenye mimba anajulikana?"

Nyinyi mnanijua. Mungu akikupa nafasi kama hiyo huwezi kuitupa. "Anaitwa Kemo," nikasema, nikijipangusa mdomo. "Anakaa Eldoret."

"Kemo nani? Ana kazi?"

"Anafanya kazi hospitalini. Hata sasa tunaenda kwake."

"Angalau huyo ana kazi," alisema, na kwa kweli alikuwa ameanza kutulia, ila Mama akafika akaharibu mambo kwa kusema ukweli. Yule mama alisuuza kikombe. Halafu alinimiminia chai ya rangi yenye tangawizi nyingi, akakataa kulipwa, akasema, "Mwambie huyo Kemo akushike vizuri." Tangawizi ilituliza tumbo mpaka Webuye.

Butali hadi Eldoret

Hapa hakuna cha kusimulia isipokuwa nyimbo za Khotsa, ambazo sitazisimulia kwa heshima ya Mama. Ila lori lenye sukari likipanda milima ya Turbo unaweza kushuka, ukala hindi la kuchoma, ukamaliza, ukalikuta bado linapanda. Mama alikuwa na kazi yake. Alikuwa ameshika pindo la leso yake, anakunja, anakunjua. Nilimwambia akiendelea hivyo itafika Eldoret ikiwa kitambaa cha mezani. Hakucheka. Mama hakuwa amecheka tangu shingo yangu ianze mambo yake.

Eldoret: askari walioenda likizo

Tulifikia kwenye chumba anachopanga Khotsa, na asubuhi tukaenda hospitali. Hatua ya kwanza ni damu. Wanakutoa, wanaipima, unangoja. Nilikuwa nimeshajipanga kisaikolojia kwa skani na dripu. Sista Jeruto, muuguzi wa kemo, akatoka akitikisa kichwa.

"Nanjala, leo hakuna dawa. Seli zako nyeupe zimeshuka sana. Nikikupa sasa, hata mafua yatakulaza."

Basi tukakwama. Skani nilipigwa, majibu tukaambiwa tungoje, na dripu ikasubiri askari wangu waongezeke. Nilichomwa sindano za kuiamsha mifupa itengeneze wengine. Mifupa iliamka kweli! Mgongo na mapaja yaliuma kama mtu anayenivuta nirefuke. Nilimwuliza Sista kama nitatoka hapo nikiwa na urefu wa kucheza netiboli. Akasema niendelee kunywa maji.

Siku hizo za kungoja ndipo Mama alipouliza swali ambalo nadhani lilikuwa linamkaba tangu mwanzo.

"Sista, uvimbe uko shingoni. Hii dawa inatafuta nini kichwani kwa mtoto?"

Sista Jeruto alivuta kiti. "Mama, dawa haijui shingo wala kichwa. Inaingia kwenye damu, inazunguka mwili wote. Inachotafuta ni seli inayojigawa haraka haraka. Saratani ndiyo kazi yake hiyo, kujigawa bila breki. Dawa inaikuta katikati ya kujigawa, inaiharibia, saratani inakufa."

"Na nywele?"

"Nywele pia hukua haraka. Na ngozi ya ndani ya mdomo, ya tumbo, na ndani ya mifupa ambako damu inatengenezwa. Hao wote wanapigwa pamoja na mwizi, yaani saratani. Ila hao wanajua kujirekebisha. Ndiyo maana tunampa dawa, tunangoja, tunampa tena. Tukingoja, mwili unajijenga. Saratani haijui kujijenga vizuri kama mwili."

Mama aliitikia kama anayeelewa, lakini nikaona hajaelewa. Nikamwambia kwa lugha ya shule. Kemo ni kama mwalimu wa zamu, yule wetu mnamjua, ambaye akipuliza filimbi anamshika kila anayekimbia. Aliyetoroka kwenda kuiba miwa anakimbia, anashikwa. Lakini hata anayekimbilia choo anashikwa. Nywele ni yule wa choo. Hakukosa, ila alikimbia.

"Na mbona dawa zenyewe ni nne?" Mama akauliza.

"Geti ziko nne," nikasema. "Ukiweka mwalimu mmoja tu, mwizi anapita nyuma ya jikoni."

Sista alisimama, akarudisha kiti mahali pake. "Hii nitawaambia wagonjwa wengine," alisema. Kwa hiyo mjue, mwalimu wetu wa zamu sasa ni maarufu Eldoret na hajui.

Eldoret: viti vya dripu

Askari waliporudi kazini, tuliitwa. Majibu ya skani yangetoka siku ileile, lakini daktari alikuwa bado yuko wodini, kwa hiyo tulikaa kwenye chumba cha dripu pamoja na wengine. Kulia kwangu alikuwa Bi Zuhura, mfanyabiashara wa vitambaa wa Mumias, ambaye huingia na "Asalaam aleikum" ya kuwaamsha hata waliozimia. Kushoto alikuwa Mzee Kiplagat, kofia kichwani, fimbo kati ya magoti.

Mnaweza kufikiri kemo ni moja na kazi yake ni moja. Hapana. Bi Zuhura ana uvimbe kwenye titi, na yeye anapewa kwanza ili unywee, halafu ndipo wakate. "Dada yangu yeye alikatwa kwanza," alisema, "kisha akapewa ya kufagia mabaki. Kila mtu na ufagio wake." Yangu mimi inakusudiwa iue kila kitu bila kisu. Kisha Mzee Kiplagat akautaja wake.

"Yangu si ya kuponya," alisema, taratibu, kama anayetaja bei ya ndama. "Ni ya kuisukuma nyuma kidogo. Maumivu yapungue, nile, niwaone ng'ombe wakizaa."

Nilitafuta mzaha. Haukuwepo. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisaidia, kwa kumwita binti yake alete kibuyu. Ndani kulikuwa na mursik, maziwa yao ya kugandishwa na mkaa, na akanimiminia kikombe mpaka juu.

"Kunywa. Umekonda kama mti wa simu."

Sista Jeruto akaruka kutoka mwisho wa chumba. "Mzee, huyu hapana! Maziwa hayajachemshwa!"

Mzee Kiplagat alivimba. "Maziwa yangu yana nini? Nimekunywa haya tangu kuzaliwa."

"Na ndio umefika hapa," akasema Bi Zuhura.

"Wewe mwanamke wa Mumias, nyamaza!"

Ilibidi niingilie. "Mzee, maziwa yako hayana shida. Shida ni askari wangu. Wametoka likizo jana, bado wana usingizi. Kitu kidogo kikiingia na maziwa, watakipigia saluti."

Alifikiri. Akayarudisha maziwa kwenye kibuyu bila kumwaga hata tone. "Basi siku askari wakiamka," alisema, "utakunywa mbele yangu."

Hapo ndipo tukaitwa.

Daktari alikuwa amefungua picha mbili kwenye kompyuta. Ya zamani ilikuwa na mabonge shingoni na kifuani, mengi kuliko nilivyoambiwa, na nilielewa kwa nini hawakuniambia. Mama hakuangalia. Aliangalia mikono ya daktari.

"Hii ni ya kwanza," daktari alisema. "Hii ni ya juzi. Mnaona hapa? Hakuna. Hapa? Hakuna. Hapa chini kumebaki kidogo, nafikiri ni kovu tu. Dawa inafanya kazi vizuri sana. Hatubadilishi kitu. Unamalizia zilizobaki, tunapiga picha nyingine."

"Sema tena," Mama akasema.

Akasema tena.

"Sema tena, daktari, tafadhali."

Alisema mara ya tatu, naye akaanza kutabasamu, na safari hii viatu hakuviangalia hata kidogo. Mimi nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Nilikuwa nimekiandaa tangu Butali. Badala yake nilimwomba anionyeshe tena pale pasipo na kitu, na Mama akanifunga leso yake begani, ile ya kukunjwakunjwa.

Tuliporudi kwenye kiti, Bi Zuhura alisoma nyuso zetu akapiga kigelegele mpaka mgonjwa mmoja akang'oa dripu yake. Mzee Kiplagat alinyoosha mkono akanishika kidole kimoja tu, kile ambacho hakikuwa na waya.

"Nitaleta kibuyu kikubwa," alisema.

Dripu yenyewe mnataka kujua. Kuna dawa moja nyekundu kama sharubati ya sherehe, Sista huisukuma mwenyewe polepole kwa bomba la sindano, haondoi macho kwenye mshipa. Kuna nyingine huvishwa mfuko mweusi kwa sababu mwanga unaiharibu, kama nyinyi Jumatatu asubuhi. Kuna ya kuzuia kutapika kabla ya zote. Baadaye ncha za vidole hufa ganzi, huwezi kufunga kifungo. Mdomo hutoka vidonda, na kila chakula kina ladha ya kijiko. Si chakula kwenye kijiko. Kijiko chenyewe.

Eldoret: kwa kinyozi

Tukiwa njiani kutoka hospitali Mama alisimama mbele ya kinyozi. "Ingia," aliniambia. "Hizi takataka zitoke leo."

Kijana alizipitisha mashine zikaisha kabla hajamaliza kunisalimia. Kichwa changu, kwa taarifa yenu, kina umbo zuri. Nikainuka. Mama akakaa palepale.

"Na mimi."

"Mama!"

"Nyamaza. Kijana, zote."

Nywele za Mama mnazijua, zile za kusukwa kila Pasaka. Zilianguka zote, na katikati ya kuanguka Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka kinyozi akazima mashine asije akamkata sikio. Khotsa alikuwa ameegemea mlango, anacheka naye, mpaka Mama alipomnyooshea kidole. Khotsa hupaka nywele zake rangi nyeusi na hudhani hatujui.

"Dada, mimi nina heshima zangu," alilia. "Mimi ni dereva!"

"Unaendesha kwa nywele?"

Alikaa. Kinyozi alikuwa kijana wa hukohuko, hakujua mambo ya kwetu. Na sisi wenyewe, watatu, tukajiangalia kwenye kioo kama mayai kwenye trei, na hakuna hata mmoja aliyemkumbuka Kukhu mlangoni.

Eldoret hadi njia panda

Turbo tulisimama kula. Nilienda choo, nikarudi, nikamwambia Khotsa kwa sauti ya kufa, "Khotsa, nimekojoa nyekundu." Aliangusha kipande cha nyama. Mama hakuinua hata macho. "Ni ile dawa," alisema, "kesho itakuwa imeisha. Nanjala, mwache mjomba wako ale." Kwa hiyo mzaha huo ulinishinda, lakini nyama yake niliipata.

Mama alikuwa ameshampigia Baba, na Baba alilia simu nzima, kwa hiyo hela yote ya maongezi iliishia kwenye kilio. Simu ya Kukhu haikupatikana. Hupelekwa kuchajiwa sokoni, na ikishafika huko hurudi ikitaka.

Tulipofika njia panda ya kuingia kwetu, lori lilipata pancha. Khotsa akatafuta jeki. Boda boda ilikuwa hapo, lakini mimi nilikuwa nimekatazwa. Dawa moja kati ya zile nne hugusa mapafu, vumbi la barabara ya murram halikutakiwa, na kwa vidole vyangu vya ganzi ningeanguka kwenye kona ya kwanza. Mama akasema atangulie yeye, amwambie Kukhu ashike jogoo na kuchemsha maji. Upepo ulikuwa wa baridi, leso yake ikabaki kichwani kwangu. Akapanda boda bila kitu kichwani, kichwa kinang'aa kama sufuria mpya, akaelekea Navakholo.

Siku ya soko.

Navakholo: kilio

Haya ya mwanzo niliyasikia baadaye. Senje Rispa, dada yake Baba, huuza omena, hawa dagaa wa ziwani, karibu na barabara. Aliinua macho, akaona wifi yake anapita kwenye boda akitoka Eldoret, bila mtoto, kichwa kimenyolewa, machozi yanatiririka. Machozi yalikuwa ya furaha na upepo. Senje hakungoja maelezo. Alipiga ukemi mmoja, "Woooi! Mayi! Nanjala wetu!" akaiacha omena kwa paka, na soko likasimama, likamfuata.

Mama alishuka uani na nusu ya soko nyuma yake.

"Yuko hai!" alisema. "Jamani, yuko hai, yuko nyuma na lori!"

"Uchungu umemchanganya," watu wakaambiana. "Mshikeni asianguke." Wakamshika. Kila akisema yuko hai, walimshika zaidi.

Ndipo Mzee Makokha, jirani yetu anayejua mila kuliko wenye mila, akainua fimbo. "Ngojeni! Nywele hunyolewa baada ya kuzika. Mama Nanjala, mtoto mmemzika wapi?"

"Hatujamzika!"

"Basi mbona umenyolewa?"

Jibu lilikuwa refu na watu wanne walikuwa wamemshika mikono. Kabla hajalianza, wenzake wakalimalizia. "Wamemzika Eldoret!" Senje akapiga kelele. "Kwenye ardhi ya watu, kama kuku!" Na sasa watu hawakulia tu, walikasirika. Mwingine akasema, ngoja, amesema lori. Mama akasema ndiyo, lori, yuko kwenye lori! Na Mzee Makokha akavua kofia.

"Jamani. Mtoto wanamleta na lori la viazi."

Vijana wakatumwa kukodi hema na viti.

Mimi nilikuwa nimelala kwenye kiti. Niliamshwa na vilio, na Khotsa amepunguza mwendo, uso umebadilika. Uani kwetu kulikuwa kumejaa. Wanawake mikono kichwani. Mtu anabeba viti.

"Nani amekufa huku kwenu?" Khotsa akanong'ona.

Nyumbani kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye umri wa kufa. Nilimtafuta Kukhu kwa macho kila mahali, sikumwona. Daktari alipofungua ile picha ya kwanza sikuogopa hivyo. Nikasema moyoni, nimepona mimi, akaenda yeye.

Lori liliposimama watu walilizunguka nyuma, wanaume wamevua kofia, wanafungua turubai kwa heshima kubwa. Hakuna aliyeangalia mbele. Nilishuka mwenyewe, barakoa usoni, leso kichwani. Nikamfikia Senje Rispa, aliyekuwa anajipiga kifua. Kwa vile vidonda vya mdomo, sauti ilitoka kama ya bibi kizee.

"Ni nani amekufa?"

Hakunigeukia. "Ni Nanjala wetu!"

"Afadhali," nikasema.

Ilinitoka. Nilidhani ni Kukhu, na hewa yote iliyokuwa imenikwama ikatoka na neno hilo. Senje alizunguka mkono ukiwa juu.

"Afadhali nini, wewe? Wewe ni mtoto wa nani? Unamjua Nanjala? Alikuwa mtoto mtulivu, mwenye adabu, hajawahi kumjibu mtu vibaya!"

"Huyo si Nanjala," nikasema. "Mmekosea maiti."

Nyuma ya lori sauti ya Mzee Makokha ilisikika: "Hapa kuna viazi tu." Na mimi nikashusha barakoa.

Senje Rispa alinikodolea macho. Alikaa chini, polepole, kwenye vumbi. Halafu alivua ndara akanipiga nayo begani, mara moja, kupima kama ni mimi. Nilipopiga kelele, alijua. Kelele zilizofuata mlizisikia nyinyi shuleni, msiniambie hamkuzisikia. Mama alinyofoka mikononi mwa walinzi wake, akaja akanyoosha mikono mbele yangu kama golikipa: "Msimkumbatie! Msimkoholee! Askari wake ni wachache!" Hakuna aliyeelewa habari za askari, lakini wote wakarudi nyuma hatua moja, wakilia na kucheka kwa umbali wa afya.

Hapo Kukhu akatokea nyuma ya nyumba, jasho usoni, jogoo kwapani.

"Kukhu! Mbona hukulia?" nikauliza.

"Mama yako aliniambia uko hai, nishike jogoo," alisema. "Hawa wengine wakashika kulia. Mimi nilishika jogoo. Ana mbio huyu." Akakiangalia kichwa changu, cha Mama, cha Khotsa, kimoja kimoja. "Nilisema nini kuhusu wembe?"

Akasogea karibu. Alikipapasa changu kwa kiganja, kutoka mbele mpaka kisogoni, sote tukashusha pumzi. "Kizuri," alisema. "Ni cha babu yako."

Hema lililokodiwa halikurudishwa. Watu walikula ndani yake, obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, pamoja na viazi vya Khotsa, na Baba akapigiwa simu kutoka kwenye kilio changu akalia tena. Dripu zangu hazijaisha. Nitarudi Eldoret, nitatapika tena Butali, na kuna mzee ananingoja na kibuyu, nami naomba nimkute. Lakini picha ni ile niliyoiona, na daktari aliisema mara tatu.

Sasa firigisi. Mnajua kwetu firigisi ya jogoo ni ya mzee mwenye boma, na Baba akiwa Mombasa, Mzee Makokha huwa hana haraka ya kwenda kwake. Alikuwa ameshanawa mikono. Kukhu aliipita sahani yake, akaiweka firigisi kwenye yangu.

Mzee Makokha alikohoa. Mama akamwangalia, akaacha kukohoa. "Mama," mzee alimwambia Kukhu, "hiyo haipewangi msichana."

"Huyu amefufuka," Kukhu alisema. "Wewe umewahi?"

Watu wote walikuwa wananiangalia. Nikaitia mdomoni. Vidonda viliuma, na ilikuwa na ladha ya msumari, msumari mpya kabisa wa dukani. Niliitafuna yote, polepole, nikimwangalia Mzee Makokha machoni.